Msongo wa kazi Nakuru na Naivasha: ya asili yanayosaidia, na yanayouzwa tu

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Januari hadi Februari 14, Naivasha hailali. Mawaridi hukatwa alfajiri, hupangwa kwa urefu, hufungwa mafungu na kupakiwa kwenye malori ya baridi, ili yawahi ndege Nairobi na kufika Uholanzi na Uingereza kabla ya siku ya wapendanao. Ikiisha hiyo, mwezi Machi inaingia Siku ya Mama ya Waingereza na mbio zinaanza upya. Mimi ni karani katika banda la kufungashia maua, mwaka wa tisa sasa tangu nitoke Mombasa, na msimu huo ndio ninaposikia sana maneno haya kwa wenzangu: moyo wanienda mbio, usingizi haunijii, nikisikia sauti ya msimamizi tumbo lakatika.

Likishasemwa hilo hufuata swali: kuna dawa gani ya asili? Swali hilohilo nimeulizwa na madereva wanaopakia Kilindini wakaja kulala Salgaa, zaidi ya kilomita 600 kutoka bandarini, na walimu wa kwetu waliopangiwa shule za huku. Naandika kuwajibu wao, pamoja na jamaa walioko pwani ambao hupigiwa simu usiku wa manane wasijue la kusema. Mimi si daktari. Pale panapohitaji daktari nitasema.

Kwanza tuondoe aibu. Watu wa huku hututania kwamba mtoto wa pwani amezoea baraza, kazi ngumu haiwezi. Lakini Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu yao Septemba 2022: kila mwaka dunia hupoteza siku za kazi bilioni 12 kwa sababu ya sonona na wasiwasi, hasara ya kama dola trilioni 1. Hayo si maradhi ya baraza.

Msongo wenyewe ni mwili kufanya kazi yake. Ukiona hatari, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo huongeza kasi, misuli hukaza, tumbo husimamisha shughuli zake. Kwa mtu aliyekutana na kiboko njiani hiyo ni rehema. Taabu ni pale kiboko anapokuwa ratiba ya kazi, akawa yupo kila siku kuanzia saa moja asubuhi. Mwili haupati nafasi ya kushuka.

Mtaalamu wa Marekani, Robert Karasek, alichapisha mwaka 1979 utafiti kuhusu wafanyakazi wa Marekani na Uswidi. Aliona kwamba wanaoumia zaidi ni wale wenye kazi nyingi na uamuzi mdogo, kwa maana kazi inawakimbiza na hawana usemi juu ya namna ya kuifanya. Daktari ana kazi nyingi lakini huamua mambo mengi mwenyewe. Mfungashaji maua hupangiwa idadi ya mashina kwa saa, hupangiwa kasi, na hata kwenda msalani huomba ruhusa. Nalitanguliza jambo hili makusudi. Nitakayoyaeleza hapa yanasaidia mwili kushuka, ila hakuna chai itakayopunguza idadi ya mashina.

Pumzi

Kama utachukua jambo moja tu katika makala haya, chukua hili, kwa sababu halina gharama na hufanyika ukiwa umesimama mezani pako. Vuta hewa kwa pua mpaka kifua kijae. Kabla hujaitoa, ongeza pumzi ndogo ya pili juu yake. Kisha itoe kwa mdomo polepole, kama mtu anayepuliza chai ya moto, mpaka iishe. Rudia.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya watu waliofanya hivyo dakika 5 kwa siku kwa mwezi mmoja. Hali yao ya moyo ilipata nafuu kuliko ya wale waliopewa kukaa kimya na kutafakari kwa muda uleule. Siri iko katika kutoa hewa. Unapotoa pumzi ndefu, mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo kwenda kifuani na tumboni huuambia moyo upunguze mwendo. Ndiyo maana shauri la "vuta pumzi" peke yake halitoshi, na mwenye wasiwasi akivuta tu kwa pupa bila kutoa huzidi kutweta, vidole vikafa ganzi, akadhani anakufa.

Dakika 5 nzima hazipatikani katikati ya zamu, najua. Zifanye ukiamka, au garini ukienda kazini. Zamuni, pumzi mbili tatu wakati ndoo inabadilishwa zinatosha kushusha mabega. Ukihisi kizunguzungu, acha, pumua kawaida. Na usifanye zoezi hili ndani ya banda lililotoka kupigwa dawa ya wadudu. Hilo nitalirudia.

Kutembea, na jua la asubuhi

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Mgeni aliyetoka Mombasa wiki yake ya kwanza hupanda ngazi akahema, na usiku hukutana na baridi ambayo shuka moja haiiwezi. Mwili ukizoea, hewa hii ni zawadi. Kaskazini ya mji kuna Menengai, ambako ukisimama ukingoni, zaidi ya mita 2,200 juu, unaona shimo la volkano lote chini yako. Upande wa Naivasha kuna Hell's Gate, hifadhi ya taifa tangu 1984, ambayo ni miongoni mwa chache nchini unazoweza kuingia kwa miguu au kwa baiskeli. Lakini mbuga ina ada yake, na mshahara wa mwenye kibarua una kazi nyingine. Barabara ya nyuma ya mtaa inatosha.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atembee mwendo wa haraka au afanye mazoezi mengine ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Watafiti wa Michigan, katika utafiti uliochapishwa 2019, walipima mate ya watu wa mjini na kukuta kwamba kukaa au kutembea dakika 20 hadi 30 mahali penye miti na hewa hushusha kotisoli vizuri zaidi kwa kila dakika iliyotumika. Kwa anayefanya kazi ndani, afadhali muda huo uwe asubuhi, maana mwanga wa asubuhi ndio unaoiwekea saa ya mwili majira, na usingizi wa usiku huanzia hapo.

Kitu kimoja kinaniuma kama mtu wa pwani. Sisi tumezoea kwamba ufuo ni wa wote. Ukichoka, waenda Mama Ngina, wakaa, watazama maji, hakuna anayekuuliza. Hapa ziwa Naivasha lipo, mita mia kadhaa tu kutoka vyumba vya wafanyakazi, ila sehemu kubwa ya ukingo ni mashamba na hoteli zenye ua. Pale Karagita na Kamere ndipo mwananchi anapofika majini bila kuulizwa. Ukienda, nenda mchana, na jua likianza kuzama ondoka. Viboko hutoka majini kula majani usiku, na si wanyama wa kutazamana nao.

Usingizi, miraa na kahawa

Nilimsikia dereva mmoja mzee wa Likoni akimweleza utingo wake pale Salgaa: "Mwanangu, gari likichoka lawaka taa. Wewe hujawashiwa taa, wajiona mzima." Sijapata maelezo bora kuliko hayo. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 2000 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 hufanya vibaya kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 damuni, na katika baadhi ya vipimo vibaya zaidi. Dereva aliyeamka saa kumi alfajiri amefika hapo saa tatu usiku, akiwa bado kwenye mteremko.

Wengi huziba pengo hilo kwa miraa au muguka, na hapa lazima tuseme ukweli ingawa jambo hili lina siasa zake. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka, wakulima wakaenda mahakamani na marufuku ikasimamishwa. Mimi siingii katika kesi hiyo. Nasema tu kwamba majani hayo yana kathinoni, kemikali ya ukoo mmoja na amfetamini, na kazi yake ni kupandisha mapigo ya moyo na presha. Wapo wanaoyaita "kitu cha asili cha kutuliza kichwa". Ni ya asili, kweli, hata tumbaku ni ya asili. Ila mtu mwenye wasiwasi anayetafuna gomba anamwaga mafuta motoni, na kesho yake, linapotoka mwilini, huja uzito wa moyo ambao huuita msongo wa kazi, akatafuna tena.

Kahawa ina ubaya mdogo zaidi, ila hesabu yake ni muhimu. Nusu ya kafeini uliyokunywa bado imo mwilini baada ya saa kama 5. Kikombe cha kahawa chungu saa moja usiku, kwa desturi yetu nzuri ya mazungumzo, bado kiko kazini saa sita. Mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku, kama vikombe 4 vya kahawa ya kawaida. Mjamzito nusu ya hapo. Na msisahau kwamba chai ya maziwa ya huku, inayochemshwa mpaka ikawa nyekundu, nayo ina kafeini. Kwa anayetetemeka mikono, jaribu wiki mbili bila kahawa wala chai baada ya saa nane mchana uone. Punguza kidogokidogo, usikate ghafla, kichwa kitauma.

Dereva anayeweza kusimama, kulala dakika 20 kwenye kiti kunashinda fungu la miraa. Weka simu ikuamshe. Ukizidisha utaamka mzito.

Majani na vidonge

Mchaichai, iliki, tangawizi na mrehani: vyote nimevibeba kutoka kwetu na ninavitumia. Sitawadanganya kwamba vimethibitishwa kutibu wasiwasi. Tangawizi hutuliza kichefuchefu, hilo linajulikana. Mchaichai hauna kafeini, una harufu ya nyumbani, na unakulazimu ukae chini dakika 10. Huenda kukaa chini ndiko kunakofanya kazi, na sioni ubaya.

Kilichopimwa zaidi ni kamomaili, ile chai ya maua madogo meupe inayouzwa kwenye maduka makubwa ya Nakuru. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mwaka 2009 na 2016, yaliyotumia vidonge vyenye nguvu kuliko kikombe cha chai, yalionyesha nafuu kiasi kwa watu wenye wasiwasi wa muda mrefu. Anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu amuulize daktari kabla ya kuizoea.

Sasa tahadhari. Kuna vidonge vya mimea vinavyouzwa mitandaoni na vichochoroni kwa jina la "kutuliza neva". Kifurushi kikiandikwa St John's Wort, kiache kama unatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi au vidonge vya kupanga uzazi. Mmea huo hulifanya ini livunje dawa haraka, dawa zikapungua nguvu bila wewe kujua. Kikiandikwa Kava, jua kimehusishwa na kuharibika kwa ini. Na chupa isiyo na maandishi yoyote, muuzaji hata akiapa, ni chupa tu.

Baraza

Nimetaja baraza kwa utani, lakini nadhani hiki ndicho tunachokipoteza zaidi tukija bara, na hakiuzwi dukani. Kwetu mtu akiwa na dhiki kazini, jioni atakaa na wenzake, atasema, atachekwa, ataambiwa "pole ndugu yangu", na atarudi nyumbani mwepesi bila hata tatizo kutatuliwa. Huku unarudi chumbani, unafunga mlango kwa sababu ya baridi, unashika simu. Simu ndiyo yenye kundi la kazini, ndiyo yenye mikopo inayodai.

Bondeni, mmoja wa mitaa mikongwe ya Nakuru, utapata watu wa kusemezana nao Kiswahili bila kuchekwa lafudhi. Sisi wachache wa Naivasha hukutana Jumapili jioni, mtu na kikombe chake, na tuna kanuni moja kwamba saa ya kwanza simu zinawekwa chini ya mkeka. Nikiona mwenzetu hajafika mara mbili, namtembelea.

Yanayojifanya msongo

Hapa naomba msome polepole, maana kuna maradhi yanayofanana na msongo na chai ya mchaichai haiyawezi.

La kwanza ni dawa za wadudu. Baadhi ya dawa zinazotumika kwenye kilimo hushambulia mishipa ya fahamu. Mtu huumwa kichwa, hutoka jasho, hutetemeka, tumbo husokota, na mwenyewe husema amechoka tu. Tazama dalili hizi za ziada: mate mengi, machozi, kuona ukungu, mboni za macho kuwa ndogo kama tundu la sindano. Ukiziona, mtoe hewani, mvue nguo zilizoingia dawa, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, na apelekwe hospitali mara moja. Mwulize aliyenyunyiza jina la dawa, uliandike, uende nalo. Kila dawa ina muda wake uliowekwa kabla ya watu kuruhusiwa kurudi bandani, na muda huo huandikwa kwenye kibandiko cha chombo chake.

La pili ni jiko la makaa. Kwetu jiko linakaa uani. Huku watu huliingiza chumbani kupata joto, wakafunga dirisha, na wa kwetu huongeza udi juu yake. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Kichwa kikiuma na moyo kwenda mbio kila ukiwa chumbani, na nafuu ikaja ukitoka nje, tena mkiumwa wote mliomo, hilo ni jiko. Litoeni nje. Kila msimu wa baridi kuna watu wanaolala hivyo wasiamke.

Presha, upungufu wa damu na tezi ya shingo iliyozidisha kazi navyo huleta moyo kwenda mbio. Kupimwa presha na damu huondoa shaka ya miezi.

Sehemu isiyo ya asili

Pumziko nalo ni haki ya kisheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 27, inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kifungu cha 28 kinampa likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka, kwa mshahara kamili. Kifungu cha 30 kinatoa, baada ya miezi miwili ya utumishi, angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika mwaka, ukiwa na barua ya daktari. Msimu wa Februari haujatajwa humo kama sababu ya kufuta siku ya saba. Nimewahi kuona, mahali ambapo sitapataja, orodha ya zamu yenye siku 13 mfululizo. Waliokwenda kwa meneja mmojammoja walirudishwa. Walipokwenda kumi pamoja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, ambacho makao yake yako Nakuru, orodha iliandikwa upya siku ya tatu. Usingizi waliopata wiki hiyo hakuna jani lingeuleta.

Ukifanya yote haya na bado wiki mbili zinapita hulali, huli, hutaki kuona watu, au moyo unakurupuka bila sababu, nenda hospitali. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nakuru ina huduma za afya ya akili. Mweleze daktari zamu zako, miraa kama watafuna, na kila mtishamba unaotumia. Wanaoogopa kusema kwamba waliwahi kujaribu kujiua, kwa kuhofia polisi, wajue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba.

Na ninyi mlioko nyumbani: mwanenu, mkeo au mumeo akikupigia usiku akasema amechoka na maisha, usimwambie avumilie. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo ambalo hakuwa nalo. Mwambie abaki kwenye simu. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bila malipo, na yeyote kati yenu anaweza kuipiga. Huku mkizungumza, mtu mwingine wa nyumbani atafute nani yuko karibu naye, jirani, mwenye nyumba au mwenzake wa kazini, aende sasa hivi akagonge mlango.